Ng'ombe Anahema, Wewe Unatafuta Sindano

Tangu Oktoba ianze, ukiondoa salamu, jumbe nyingi zinazonifikia hapa Dodoma zina swali moja tu: ng'ombe anahema, maziwa yameshuka, nichome nini? Nililijibu mwaka jana na mwaka juzi. Nalijibu tena kwa sababu ng'ombe mwenyewe hana kosa, kisha nitapita kwenye mengine yanayokaribiana nalo.

Shikamoo bwana mifugo. Nina ng'ombe mmoja wa maziwa wa kizungu, Friesian, alikuwa ananipa lita 16 kwa siku, sasa 9. Mchana anahema, ulimi nje, udenda unamtoka. Jirani kanishauri nimchome OTC. Nimchome mililita ngapi? (Mama wa Nzuguni)

Marahaba, mama. Usimchome hata moja. Oksitetrasaiklini, hiyo mnayoiita OTC, ni antibiotiki, haishushi joto la jua. Utakachopata ni maziwa yenye dawa, yasiyofaa kuuzwa kwa siku zilizoandikwa kwenye chupa, na ninavyowajua wengi wenu, yatauzwa hivyo hivyo, watoto wa mtaa wayanywe.

Kabla ya sindano kuna kipimajoto. Nunua, funga uzi ili kisipotelee ndani ya njia ya haja kubwa, mpime alfajiri kisha umpime tena saa nane mchana. Ng'ombe mzima ana nyuzi 38 hadi 39 na kidogo. Akiwa sawa alfajiri, mchana akafika 39.5 au 40, huyo anateswa na joto. Lakini akiwa na 40 au zaidi hata alfajiri, matezi ya chini ya sikio na mbele ya bega yamevimba, hacheui, hiyo ni ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, mpaka daktari aseme vinginevyo. Mwite siku hiyo hiyo. Na hata hapo OTC ya jirani haitamponya. Ndigana kali ina dawa yake.

Hesabu pia pumzi. Simama ubavuni pake akiwa ametulia, hesabu ubavu unavyopanda na kushuka kwa nusu dakika, uzidishe kwa mbili. Zikipita 60 kwa dakika, ana shida. Zikipita 80, acha kusoma hapa, nenda ukamtafutie kivuli na maji.

Kwa nini maziwa yamepungua? Friesian huanza kutaabika hewa ikipita nyuzi 25 hivi, na Dodoma ya Novemba mchana hupita 30 karibu kila siku. Tumbo la ng'ombe ni jiko: chakula kinapochachuka mle ndani kinatoa joto, na kadiri anavyokamuliwa zaidi ndivyo jiko linavyowaka zaidi. Akishindwa kulitoa joto hilo, anachofanya ni kuacha kula. Maziwa hufuata baada ya siku moja au mbili, ndiyo maana unaona yameshuka siku ambayo hata jua halikuwa kali, ukasema karogwa. Kinachotakiwa ni kivuli cha kweli, maji mengi ya baridi, na kubadilisha saa za kumlisha. Hayo matatu hayauzwi kwenye chupa, kwa hiyo hakuna wa kukutangazia.

Ndoo tatu za maji kwa siku zinamtosha ng'ombe wa maziwa? (Kizota)

Hazitoshi. Hizo ni lita 60, na ng'ombe mkubwa anayekamuliwa kwenye joto hili anaweza kunywa 100 na kupita. Maziwa yenyewe ni maji kwa asilimia 87 hivi. Usipompa, atayatoa wapi?

Najua mtaniambia habari za mgao. Basi wekeza kwenye tangi kabla hujawekeza kwenye ng'ombe wa pili. Halafu tangi lenyewe mnaliweka juani, jeusi, na mpira wa maji umelazwa juu ya mchanga tangu asubuhi. Tumbukiza mkono horini saa nane mchana. Kama maji yanafaa kumwogeshea mtoto, hayafai kumnywesha ng'ombe. Ataonja na kuondoka. Fukia bomba, lijengee tangi kivuli, hori liwe chini ya paa na lisuguliwe ukijani usiote. Maji yawepo usiku pia, kwa sababu usiku ndipo hewa yetu inapopoa na ng'ombe anapopata nafuu ya kula na kunywa. Wenye visima vya maji ya chumvi, na Dodoma mko wengi, changanyeni na ya bomba kila inapowezekana, na msimwagie chumvi nyingine kwenye pumba.

Naweza kumpa Panadol? (Msomaji, Area C)

Hapana.

Najenga banda la ng'ombe wanne. Niezeke bati au nyasi? Fundi anasema bati ndiyo kisasa. (Ihumwa)

Fundi wako anajenga nyumba ya kupangisha. Bati au nyasi ni swali la mwisho. La kwanza ni kimo. Upande wa chini wa paa usipungue mita tatu. Bati lililo karibu na mgongo wa ng'ombe humpikia joto kwa juu, huku ardhi inampikia kwa chini.

La pili ni mwelekeo. Urefu wa banda ulale mashariki kwenda magharibi, jua likipita juu kivuli kibaki ndani. Kila ng'ombe apate kama mita nne za mraba za kivuli, si za banda. Banda linaweza kuwa kubwa na kivuli kikawa nje kwa jirani.

La tatu ndilo linalonikera. Mabanda mengi ninayoyaona mjini hapa yamejengwa kwa kumwogopa mwizi, si kwa kumfikiria ng'ombe: tofali hadi kwenye kenchi, geti moja, kidirisha cha kupitisha mkono. Wizi upo, sibishi. Lakini mwizi huja usiku na joto huja mchana. Panda kozi tano za tofali, juu yake weka nondo au wavu wa chuma, upepo upite. Upepo wetu mwingi hutoka mashariki na kusini mashariki, na ndio mali pekee ya bure mliyonayo Dodoma; msiuzibe kwa viroba na turubai mkidhani mnazuia vumbi.

Sasa bati. Likishakuwa juu vya kutosha, lipake chokaa nyeupe kwa nje, au litandikie nyasi kavu juu yake, au funga dari ya matete chini yake kidogo. Nyasi peke yake ni nzuri zaidi kwa ubaridi, ila mchwa na moto ni juu yako. Wagogo waliezeka tembe, nyumba zao za asili, kwa udongo mnene na jua hili hili halikuwafikia ndani. Sikuambii umjengee Friesian tembe, atakosa hewa. Nakuambia unene wa paa una maana.

Na kabla hujakata mti wowote kwenye kiwanja, jua kwamba hakuna paa utakaloezeka likaushinda mwarobaini au mgunga uliotanuka vizuri. Aliyekata mwarobaini apate nafasi ya banda la bati aje anieleze alikuwa anawaza nini.

Nimeona kwenye video wanawamwagia ng'ombe maji kwa mpira. Inasaidia? (Nkuhungu)

Inasaidia, na kwetu inasaidia kuliko Tanga au Dar es Salaam, kwa sababu hewa yetu ni kavu na maji hukauka mwilini upesi. Kule kukauka ndiko kunakoondoa joto. Lowesha shingo na mgongo mpaka ngozi yenyewe ilowe, siyo manyoya tu, kisha uache akauke penye upepo, urudie. Kumlowesha kwenye banda lililozibwa ni kumwekea mvuke. Maji yasitiririke hadi kwenye chuchu, hasa kabla ya kukamua, na sakafu isigeuke tope. Utatibu joto ukaleta ugonjwa wa kiwele. Kama maji ya kunywa hayatoshi, usimwagie hata kikombe.

Hali majani, nimemwongezea pumba ili maziwa yarudi. Nifikishe kilo ngapi? (Chamwino)

Rudisha ulizoongeza. Ng'ombe anayehema na kudondosha udenda anapoteza mate yale ambayo yangepunguza uchachu tumboni. Ukimjazia pumba juu ya hapo, tumbo linachachuka, anaharisha, mafuta kwenye maziwa yanashuka, na baada ya wiki kadhaa anaanza kuchechemea kwato. Mpe chakula kikubwa usiku na alfajiri, theluthi mbili hivi ya siku nzima, mchana aonje tu. Majani laini na hei nzuri mpe kwanza, mabua ya mahindi yaliyokakamaa yawe ya mwisho, kwa kuwa yanachelewa kusagika na kumwongezea joto. Mashudu ya alizeti hayatuishi mkoa huu na Singida. Kiasi cha wastani kinampa nguvu bila mabua mengi.

Nawe uliyeniuliza kuhusu pumba, nakuongezea lisilo kwenye swali lako: msiwape ng'ombe mahindi yaliyoota ukungu kwa kuwa eti hayafai kwa watu. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu ya ukungu huo, iliua watu hapa Dodoma na Manyara kupitia mahindi. Ng'ombe akila sumu hiyo, sehemu yake inatoka kwenye maziwa. Mtainywa.

Ni kweli magadi yanasaidia wakati wa joto? (Mpwapwa)

Soda ya kuokea mikate inasaidia, gramu 100 hadi 150 kwa siku zikichanganywa na chakula cha ziada, kwa ng'ombe anayekula pumba na mashudu kwa wingi. Anayekula majani tu haihitaji. Magadi ya mawe ya sokoni siyo kitu kile kile. Mengine yana floridi nyingi. Jiwe la madini la kulamba liwepo muda wote, kivulini.

Ng'ombe wangu amehimilishwa, yaani kupandwa mbegu kwa mrija, mara tatu tangu Septemba, kila mara anarudi kutaka dume. Nimlaumu mhimilishaji? (Mkonze)

Kwanza ulimwita saa ngapi, na akafika saa ngapi? Kipindi cha joto kali dalili za kutaka dume hufupika na nyingi hutokea usiku, wewe umelala. Unaona ute asubuhi saa tatu, unampigia, anafika kwa bodaboda saa saba, mbegu inayeyushwa juani. Hapo mgawane lawama.

Amka alfajiri, uchungulie tena saa nne usiku. Ukimwona asubuhi, ahimilishwe jioni. Ukimwona jioni, ahimilishwe kesho yake alfajiri. Baada ya hapo mpe kivuli na maji kwa wiki nzima kama mgonjwa, kwa sababu kiinitete cha siku za kwanza hufa mwili ukichemka. Na usitegemee mambo yatengemae siku mvua inyeshapo: yai lililoungua likiwa bado changa hutoka wiki kadhaa baadaye. Mwenye dume asicheke. Dume lililoteswa na joto hutoa mbegu dhaifu kwa karibu miezi miwili.

Ukiweza kupanga, himilisha Mei hadi Julai. Usiku wa Dodoma miezi hiyo wenyewe mnavaa makoti.

Mimi ni mtumishi, nimehamia Dodoma na wizara. Nataka Friesian halisi kutoka Njombe, nimeambiwa anatoa lita 25. Niagize mwezi huu wa Novemba? (Mtumba)

Karibu Dodoma, ndugu yangu. Tangu Serikali ilipotangaza kuhamia huku mwaka 2016, barua kama yako nimezizoea, na nyingine hunijia baada ya ng'ombe kufa.

Lita 25 za Njombe hazipandi gari pamoja na ng'ombe. Zinabaki Njombe, na baridi yake na majani yake. Utakachoshusha hapa ni mnyama mwenye mwili mkubwa, manyoya ya nyanda za juu na jiko la lita 25 tumboni, umweke chini ya bati la mita mbili. Baada ya mwezi anatoa 10, nawe unaniuliza sindano.

Nunua mtamba chotara, damu ya kizungu nusu au kupita kidogo, aliyezaliwa huku huku au sehemu yenye joto. Jersey au Ayrshire kwa upande wa damu hiyo humfaa mfugaji mdogo kuliko Friesian. Na msisahau kwamba Mpwapwa, saa chache kwa gari kutoka hapo ulipo, watafiti walikaa miaka mingi wakichanganya Sahiwal na Red Sindhi wa Asia na zebu wetu mpaka wakapata ng'ombe anayeitwa kwa jina la mji huo, wa maziwa na nyama, kwa ajili ya ukame wa namna hii. Watu wanampita barabarani wakienda kufuata rangi nyeusi na nyeupe ya Friesian. Hafiki lita 25, lakini anakula, anashika mimba, anaishi.

Ukishindwa kabisa kujizuia, subiri Juni. Safari iwe ya usiku, apite Iringa na Mtera akifika hapa alfajiri, akute maji na kivuli tayari. Usimsafirishe akiwa na mimba kubwa.

Ng'ombe aliyekaushwa, yaani aliyeachwa kukamuliwa akisubiri kuzaa, hatoi maziwa, anaweza kukaa juani nje? (Veyula)

Hawezi. Ndiye wa kwanza kupewa kivuli. Akiteswa na joto miezi miwili ya mwisho wa mimba, atazaa ndama mdogo na dhaifu, na maziwa ya uzao unaofuata yatapungua hata kama atazaa kipindi cha baridi.

Mvua zikianza shida itakwisha? (Bahi)

Itabadilika. Hewa ikishalowa, jasho halikauki vizuri, kwa hiyo nyuzi zile zile zinamwumiza zaidi. Kumwagia maji kutasaidia kidogo tu, kutegemee upepo. Kupe nao wanaamka, ogesha kwa dawa ya kupe, kwa ratiba. Na kuna mtama mchanga. Kila mwaka mvua ya kwanza ikinyesha, mtu mwenye njaa ya majani hukata mtama uliofika gotini akamtupia ng'ombe, naye anakufa ndani ya muda mfupi kwa sianidi, sumu iliyomo kwenye mtama huo. Subiri ufike kiunoni na zaidi. Ule uliokauka kwa jua katikati ya msimu kisha ukachipua upya ni mbaya kupita wote, huo usimpe ukiwa mbichi.