Si mabwawa peke yake

Kaka, umeandika kwamba umeme wa Kenya wote unatoka mabwawani, na ndiyo maana ukame ukija tunalala gizani. Zamani ilikuwa karibu na ukweli. Siku hizi kinachotubeba zaidi ni mvuke wa ardhini, kule Olkaria karibu na Naivasha: karibu asilimia 40 ya umeme tunaotumia. Wanachimba visima vya kilomita mbili tatu kwenda chini, mvuke unapanda kwa nguvu zake, unazungusha tabo, yaani gurudumu linaloendesha jenereta, basi. Mtambo wa kwanza uliwashwa 1981, megawati 15 tu. Ukipita pale utaona mabomba ya fedha yamepindwapindwa juu ili pundamilia na twiga wapite chini. Mvuke haujali mvua wala usiku.

Mabwawa bado yapo, yale ya mto Tana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere. Hayo ndiyo yanayonywea kiangazi. Upepo mwingi ni wa Loiyangalani, karibu na ziwa Turkana, mitambo 365, megawati 310, ila upepo wenyewe una siku zake. Sola kubwa iko Garissa. Umeme mwingine tunanunua Ethiopia.

Halafu kuna mitambo ya mafuta mazito, kama Kipevu pale Mombasa. Huwashwa zaidi jioni, watu wakirudi nyumbani na kuwasha kila kitu. Hii ndiyo ghali. Ukinunua tokeni, soma ile risiti vizuri: kuna mstari wa gharama ya mafuta, na hukatwa kwa kila yuniti.