Barua kwa mwanangu: Madison au Mlimani?

Mwanangu Neema,

Sisi huku hatujambo. Umeniuliza uende wapi: Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison, Marekani, waliokukubali kusoma uzamivu wa sayansi ya siasa, au Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulikopata nafasi ya uzamili.

Madison wana programu ya masomo ya Afrika tangu 1961, Kiswahili kinafundishwa, na Crawford Young, bingwa wa siasa za Kongo, alifundisha hapo miaka mingi. Hutatumia nguvu zako kueleza kwa nini halmashauri za Mtwara zinastahili tasnifu. Halafu kuna pesa. Uzamivu wa Marekani mara nyingi chuo hulipa ada, nawe ukapata posho kwa kusaidia kufundisha. Ila isome barua yao mstari kwa mstari: posho ni ya miaka mingapi? Juni hadi Agosti, madarasa yakifungwa, utakula nini? Bima ya afya imo? Lisiloandikwa usilihesabu.

Gharama yenyewe ni muda. Miaka mitano, wengi hufika sita na kuzidi. Miwili ya kwanza ni madarasa na takwimu, kisha mtihani mkubwa, ndipo utafiti wako uanze. Wewe ni mtu wa HGL, yaani historia, jiografia na Kiingereza, takwimu zitakutoa jasho, lakini utazimudu. Kinachoninyima raha ni ajira: wanaohitimu uzamivu kule ni wengi kuliko nafasi za kufundisha vyuoni.

Mlimani ni karibu, ni kama miaka miwili, na idara ile inaijua nchi. REDET, mradi wa utafiti na elimu ya demokrasia Tanzania, ulizaliwa pale 1992, tulipoingia vyama vingi. Ada itakuwa juu yetu, tutajibana. Waulize wanaoandika tasnifu sasa: rasimu ikienda kwa msimamizi, inarudi baada ya muda gani?

Mimi naona uende Madison, mradi upate walimu wawili, si mmoja, walio tayari kusimamia mada yako. Mmoja akihama chuo, usibaki yatima. Waulize pia wanafunzi wao wa mwisho wako wapi leo, na kama ukiona hapakufai unaweza kutoka na uzamili mkononi.

Mimi na mama yako usitutie kwenye mizani. Tutakukumbuka sana, lakini hiyo si sababu ya kubaki.

Kama vyuo vingi vya Marekani, watataka jibu kufikia Aprili 15. Waandikie wiki hii, na majibu yao unitumie tuyasome pamoja.

Baba yako