Baba Yako na Kahawa ya Kutafuna

Kilema, Moshi

Mwanangu Koku,

Ujumbe wako wa sauti niliusikia jikoni, ndizi zikiwa motoni, nikaurudia baadaye nilipokuwa peke yangu. Umeuliza: "Mama, hivi ulijuaje kwamba baba ndiye?" Kisha ukacheka, kama mtu anayemuulizia rafiki yake. Mimi ndiye niliyekuzaa, Koku. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu utanikatiza, na baba yako ataipokonya aanze kunisahihisha.

Ilikuwa mwaka 1987, msimu wa kahawa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani nasubiri matokeo, na kazi ilikuwa ni hiyo hiyo: kuchuma mbivu, kuimenya jioni ile ile kwa mashine ya mkono, kuiacha ichachuke mpaka ule utelezi uachie, kuiosha kwa maji ya mfongo, ule mfereji wetu wa kienyeji, kuianika kichanjani, halafu kutwa nzima unachambua punje mbovu huku jicho moja liko mlimani kuangalia mvua. Wewe uliikuta imebaki mibuni michache nyuma ya migomba. Sisi ndiyo iliyotusomesha. Ni hapa hapa Kilema mapadri walipopanda mibuni mwaka 1898, na bibi yako alikuwa akiisimulia habari hiyo kama vile yeye ndiye aliyewashikia miche.

Kuna jambo hukulikuta, nalo ni hili: kahawa ilikuwa mali ya mwanamume. Kitabu cha chama cha ushirika kiliandikwa jina la babu yako, hela alipokea babu yako. Waliochuma ni bibi yako, mimi na wadogo zangu. Kinyongo sikuwa nacho. Haikunijia hata siku moja kwamba hilo ni jambo la kuulizwa.

Basi, babu yako alikuwa amekwenda msibani Rombo, tukapeleka mzigo chama cha msingi mimi na bibi yako. Pale kwenye mizani, ubavuni kwa karani tuliyemzoea, amesimama kijana mrefu, shati jeupe limenyooshwa kwa pasi, daftari mkononi. Mwanafunzi wa Chuo cha Ushirika, karani akatuambia, amekuja kwa mafunzo ya vitendo. Siku hizo chuo kile kilijaa vijana wa kila mkoa unaolima cha kuuza. Vyama vikuu vya ushirika vilifutwa mwaka 1976, na KNCU yetu, chama kikuu cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro kilichokuwapo tangu 1933, ikaondoka navyo. Sheria ya mwaka 1982 ilipovirudisha, watu waliojua kuviendesha walikuwa wameshatawanyika. Ikabidi wafundishwe wengine. Huyu alitoka Bukoba, na hukuhitaji kuambiwa. Alisalimia foleni nzima kana kwamba anafungua mkutano.

Karani alichota punje, akabandua ganda, akaing'ata kupima ukavu, akatema. Kijana naye akachota, akang'ata. Hakutema. Akatafuna, akameza, akachota nyingine.

Bibi yako akaninong'oneza kwa Kichaga kwamba sasa serikali inatuletea wenye njaa. Uelewe, Kilema hakuna mtu aliyekuwa anakula kahawa. Hata kuinywa hatukuinywa. Nyumbani kwetu ilikuwa chai ya maziwa. Kahawa ilishuka mjini kukobolewa, ikaingia mnadani, ikaenda zake Ulaya. Nimekulia chini ya mibuni na sikujua ladha ya kinachotoka humo.

Aliona tunavyomtazama. Akatoa mfukoni kifurushi cha majani makavu ya mgomba, akakifungua. Ndani kuna kahawa nyeusi, ndogo, zimekaukia kwenye maganda yake. Akainama mbele ya bibi yako, akampa kwa mikono miwili, akasema, "Karibu mama, hii ni ya nyumbani." Kwao kahawa yao, aina ya robusta, huchumwa ikiwa bado mbichi, ikachemshwa pamoja na majani yenye harufu, ikakaushwa, mgeni akiingia, hupewa hiyo atafune kabla ya mazungumzo. Bibi yako akashukuru, akasema ana meno mabovu. (Alikuwa na meno ya kuvunjia mifupa.) Mimi nikachukua.

Ilikuwa chungu mpaka machozi yakanilenga, lakini sikutaka Mhaya anione natema. Ili kunifariji akanieleza kwamba zamani kwao, watu wawili wakitaka kufanyiana udugu, walichukua tunda moja la kahawa lenye punje zake mbili, wakazipaka damu yao, kila mmoja akameza ya mwenzake. Nikamuuliza, "Na lile lenye punje moja?" Maana sisi tulikuwa nazo, zile za mviringo ambazo kiwandani hutengwa peke yake na kuitwa PB. Akakuna kichwa. Akasema hilo chuoni hawajafika. Karani akakohoa, foleni ilikuwa ndefu.

Akarudi kwenye daftari lake. "Mwanachama ni nani?" Bibi yako akataja jina la babu yako. Akaandika. Halafu akauliza, bado ameinama, "Na waliochuma?"

Karani akamwambia hakuna safu ya hiyo. Akajibu anajua, anauliza kwa ajili ya ripoti yake. Bibi yako akanitazama mimi kwanza, kama anayeomba ruhusa, kisha akataja jina lake lote, la ubatizo na la kwao. Nikataja langu. Akatuuliza herufi moja moja, akayasomea mbele ya watu kuhakikisha hajakosea. Wanawake waliokuwa nyuma yetu wakaanza kunong'ona, na walipofika kwenye mizani wakataja majina yao bila kuulizwa. Foleni ile iliisha jioni, na karani alikuwa amekasirika kweli kweli.

Sasa nije kwenye swali lako. Usiku ule sikupata usingizi hata lepe. Moyo unadunda, mikono inatetemeka, kila nikifumba macho naliona shati jeupe. Nikajiambia basi, kumbe ndiyo haya wanayoyaimba redioni. Ilinichukua miaka kuja kusoma kwamba robusta ina kafeini, ile inayofukuza usingizi, karibu mara mbili ya arabika yetu, nami nilikuwa nimetafuna nyingi kwa ubishi, mtu ambaye hata kikombe kimoja sijawahi kunywa. Baba yako anaipenda mno sehemu hiyo, huwaambia wageni kwamba alinipata kwa dawa. Kwa hiyo usiku ule usiuhesabu, hata mimi siuhesabu. Ninachohesabu ni lile daftari.

Alianza kupanda huku Jumamosi, kisingizio ni ripoti. Ripoti gani ile isiyokwisha! Bibi yako alikuwa na sentensi moja tu: "Mhaya? Atatumaliza kwa Kiingereza." Nami nikaanza kuwa na shughuli nyingi mjini. Kikombe changu cha kwanza cha kahawa nilikinywea kwenye benchi la muuza kahawa, birika lake juu ya mkaa, wazee wanacheza bao, mimi ni msichana peke yangu pale. Vile vikombe vidogo visivyo na mkono, na kashata ya karanga. Mzee mmoja akaniuliza natoka wapi, nikamwambia Kilema. Akacheka mpaka akapoteza hesabu ya kete zake. Baba yako alikunywa taratibu bila neno. Kunyamaza kwake kulinishangaza, maana nilishamzoea kama redio. Akaniambia baadaye kwamba alikuwa anapiga hesabu kama nauli ya kurudi chuoni imebaki. Haikubaki, alikwenda kwa miguu.

Posa nayo haikwenda haraka. Washenga walipotoka Bukoba, meli hadi Mwanza kisha basi siku nzima na zaidi, babu yako aliwapokea vizuri na kuwakatalia vizuri: binti hawezi kwenda kuishi ziwani. Baba yako akasema hatanipeleka ziwani, ameshapata kazi Moshi. Wakaanza kupatana. Ndipo ikaja Julai 1989. Nchi zinazouza kahawa na zinazonunua zilishindwa kuelewana juu ya mgawo wa soko, ule mkataba wa dunia ukasimama, bei ikaporomoka. Na hapo ndipo utamu wa kuoana wakulima wa zao moja ulipoonekana: upande wa mke kahawa, upande wa mume kahawa, hakuna wa kumkopesha mwenzake. Harusi ikasogezwa, ikasogezwa tena. Watu walianza kunihurumia barabarani. Wako waliosema ameshaoa kwao.

Msimu huo wa bei mbaya alikuja kuchuma. Wengine walikuwa wameacha mbivu zianguke, maana hela ya kuchumia hairudi. Yeye alifunga debe kiunoni akaingia shambani na bibi yako, na babu yako akatoka nje akasimama kando ya ua wa masale anaangalia. Hakusema kitu siku hiyo. Jumapili iliyofuata alimwita ndani akamwambia alete wazee wake, na mahari itakuwa ya kadiri ya mwaka wenyewe.

Tulifunga ndoa mwaka 1990. Ndugu zake walileta rubisi, wa kwetu walipika mbege, na mpaka leo koo mbili hizi hazijakubaliana kipi ni pombe ya ndizi na kipi ni uji.

Huyo wako hujanitajia hata jina, nami sikulazimishi. Ila umeuliza swali la mtu aliyekwisha kuamua, kwa hiyo usingoje nikwambie ndiyo au hapana.

Baba yako ameisoma barua hii akiwa amesimama nyuma yangu. Anasema nimetia chumvi kuhusu kusalimia foleni. Anasema pia kwamba siku ile, nilipoinama kuinua gunia, bibi yako alichota kahawa kutoka kwenye kifurushi akaifungia kwenye pindo la kanga, akamkonyeza asiseme. Hilo nilikuwa silijui. Mama yangu!

Agosti mbivu zitakuwa zimeanza. Mje naye, na mwambie asivae viatu vyeupe.

Mama yako