Re: Florida State waliachwaje 2023 bila kufungwa?
Mkuu, umeuliza Florida State, timu ya chuo kikuu ya futiboli ya Kimarekani iliyoshinda mechi zote 13, inaachwaje nje ya mchujo wa timu nne wa kuwania ubingwa wa taifa. Kule hakuna msimamo wa pointi kama ligi zetu. Kamati ya watu 13 inajifungia hotelini Grapevine, Texas, inapanga nani bora. Florida State walibeba ubingwa wa ligi yao, ACC, ila mrusha mpira wao anayeongoza mashambulizi, Jordan Travis, alishavunjika mguu Novemba, kamati ikawaona nusu timu. Nafasi ya nne wakapewa Alabama, hao hao waliochapwa na Texas 34-24 nyumbani kwao! Hapo sikubali hata kidogo. Najua utaniletea ile 63-3 waliyofungwa baadaye na Georgia, lakini siku ile wachezaji kibao wa Florida State hawakucheza. Mwaka 2024 ndipo mchujo ukaanza kuchukua timu 12.