Amplifaya ya Valvu Inapovuma, Sikiliza Kabla ya Kununua Chochote

Amplifaya yangu ya gitaa, iliyotengenezwa Uingereza miaka ya 1960, ilikuwa ikivuma hata nisipogusa uzi. Nilinunua valvu nne mpya za aina ya EL84, yaani mirija ya kioo inayokuza sauti, ambazo si rahisi bei, nikazibadilisha zote, na mvumo ukabaki vilevile. Laiti ningesikiliza kwanza.

Anza kwa kuchomoa gitaa. Mvumo ukikoma, chunguza kebo, pikapu (sumaku za gitaa zinazonasa mtetemo wa nyuzi) na taa za tyubu zilizo karibu. Usipokoma, piga uzi mnene wa E kwenye freti ya tatu, kwani noti hiyo ya G ni takribani hezi 98, na umeme wetu wa hezi 50 ukishapita kwenye rektifaya, kifaa kinachogeuza umeme wa AC kuwa DC, huacha mvumo wa hezi 100. Sauti hizo mbili zikikaribiana, shuku kwanza kapasita za kuchujia, yaani zile zinazohifadhi chaji na kulainisha umeme huo. Mvumo ukiwa chini kwa oktava nzima, shuku nyaya zinazopasha valvu moto au maungio ya ethi, yaani njia ya umeme kwenda ardhini. Kisha punguza nobu ya sauti: mvumo usiobadilika chanzo chake kiko baada ya nobu hiyo, au kwenye ugavi wa umeme wenyewe.

Mvumo wangu ulilandana na G, wala haukujali nobu. Nilipofungua chasi nilikuta kapasita ya mikrofaradi 16 imetuna, na mguuni pake pameganda ukoko mweupe. Kapasita za aina hiyo hukauka kwa umri, hata kama amplifaya imekaa kabatini. Niliweka mpya ya kiasi kilekile. Kuiongeza ukubwa ovyo huielemea rektifaya ya valvu.

Tafadhali, usiingize mkono humo kwa haraka. Zaidi ya volti 300 zinaweza kubaki ndani hata baada ya plagi kuchomolewa. Mimi huzipunguza kwa rezista (kipande kinachozuia mkondo wa umeme) ya ohm 10,000 ya wati 5, yenye nyaya zilizofunikwa vizuri, kisha hupima kwa mita hadi ishuke karibu na sifuri, ndipo ninapogusa.

Wapo wanaokata waya wa ethi ili mvumo unyamaze. Hitilafu ikitokea ndani, chasi nzima hushika umeme, pamoja na nyuzi za gitaa, na mpigaji anayegusa maikrofoni kwa midomo anaweza kufa papo hapo. Ninapoletewa amplifaya yenye waya wa ethi uliokatwa, huurudishia kwanza, hata kabla ya kuuliza inavuma vipi.