Binti yangu yuko Ohio, anataka kuanza kozi za chuo akiwa sekondari. Nisaini?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Binti yangu Neema ana miaka 16. Alimaliza kidato cha pili hapa Dodoma, akaenda kuishi na shangazi yake Columbus, jimbo la Ohio, Marekani. Sasa yuko darasa la kumi. Wiki iliyopita shangazi mtu amenitumia kwa WhatsApp picha za karatasi mbili. Moja ni orodha ya masomo ya mwakani, na baadhi yameandikwa AP. Nyingine inahusu kitu kinaitwa College Credit Plus, na humo kuna sentensi inayosema masomo yanaweza kuwa na mambo ya ngono na ukatili, mzazi asaini kwamba ameelewa. Wifi yangu anasema ni bahati, chuo bure. Baba yake anasema mtoto wa sekondari hana anachotafuta chuoni. Mimi nimebaki katikati. Na je, akirudi nyumbani, UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) watazitambua kozi hizo? — Mama Neema, Nkuhungu.

JIBU: Marahaba, Mama Neema. Nianze na hiyo karatasi iliyokutia hofu. Sheria ya Ohio inamtaka kila mwanafunzi anayejiunga na College Credit Plus, pamoja na mzazi au mlezi wake, asaini kwamba ameelewa jambo moja: kozi ya chuo imetungwa kwa ajili ya watu wazima, na haitabadilishwa kwa sababu darasani kuna binti wa miaka 16. Akichukua fasihi anaweza kupewa riwaya yenye tukio la ubakaji aijadili mbele ya wenzake wa miaka 20 na zaidi. Akichukua hisabati hakuna cha namna hiyo. Kwa hiyo muulize wifi yako Neema anataka kozi gani, maana jibu lako la ndiyo au hapana liko kwenye kozi, haliko kwenye karatasi.

Sasa tutenganishe vitu viwili ambavyo wazazi wengi huvichanganya.

AP (Advanced Placement) ni somo la shuleni. Neema anabaki darasani kwake, anafundishwa na mwalimu wa shule yake, ila silabasi ni ya kiwango cha mwaka wa kwanza wa chuo na inasimamiwa na taasisi iitwayo College Board. Mwezi Mei anafanya mtihani mmoja wa mwisho unaosahihishwa nje ya shule, kama tulivyozoea na NECTA, Baraza letu la Mitihani. Alama ni 1 hadi 5, na 5 ndiyo ya juu kabisa (kinyume na pointi za kidato cha sita, ambako mtoto akipata 3 tunachinja mbuzi). Vyuo vikuu vya umma vya Ohio hutoa krediti (vipimo vya kozi vinavyojumlishwa hadi kufikia shahada) kuanzia alama ya 3. Vyuo vingi binafsi hutaka 4 au 5, na vingine havitoi kabisa. Mtihani mmoja hugharimu karibu dola 100, yaani zaidi ya shilingi laki mbili, hivyo ulizeni mapema kama shule inawalipia wanafunzi.

College Credit Plus ni kitu kingine. Hapo Neema anaomba chuo, chuo kinampima kama anafaa, na akikubaliwa anakuwa mwanafunzi wa chuo kweli huku bado yuko sekondari. Kozi moja ya krediti 3 inayosomwa kwa muhula mmoja huhesabiwa pia kama somo la mwaka mzima la sekondari. Akisoma chuo cha umma halipi ada wala vitabu. Wifi yako hajakosea. Shahada ya kwanza kule ni kama krediti 120, kwa hiyo kijana anayemaliza sekondari na krediti 15 mkononi amekwisha kupunguza muhula mzima, na ada za vyuo vya Marekani unazisikia mwenyewe.

Kuna jambo ambalo karatasi ya matangazo haiweki mbele, na ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote. Matokeo ya College Credit Plus ni matokeo ya chuo, na hayafutiki.

Niliwahi kukaa na baba mmoja hapa ofisini, transkripti (karatasi ya matokeo yote) ya kijana wake iko mezani kati yetu. Masomo ya sekondari yalikuwa safi, A na B tupu. Chini yake kulikuwa na mstari mmoja wa chuo: Kemia, krediti 4, D. Kijana aliipata akiwa na miaka 16, muhula wake wa kwanza, akiamka alfajiri kuwahi basi la chuo na kurudi jioni kufanya kazi za shule. Baba aliweka kidole kwenye ile D akauliza, "Hakuna sapu?" Nikamwambia hakuna. Kwetu mwanafunzi akianguka anafanya mtihani wa marudio. Kule kwa kawaida anarudia kozi yote, na kila chuo atakachoomba baadaye kitataka kuona transkripti ile. GPA yake ya chuo, yaani wastani wa alama zake, ilikuwa imeanza kuhesabika miaka miwili kabla hajamaliza sekondari, na nyumbani hakuna aliyejua.

Kwenye AP hatari ni ndogo. Alama ya somo itabaki kwenye ripoti ya shule, ndiyo, lakini akipata 2 kwenye mtihani wa Mei, krediti hapati na habari inaishia hapo. Hakuna GPA ya chuo iliyoguswa. Tena, kwenye College Credit Plus akifeli, au akiacha kozi baada ya muda wa kujitoa kupita, idara ya elimu ya wilaya yao inaweza kuidai familia gharama. Ile "bure" ina masharti.

Kwa Neema, mimi ningeanza na AP moja au mbili, na ningechagua kwa kuangalia alikotoka. Mtoto aliyepita kidato cha pili kwetu na kufanya vizuri kwenye hesabu ana msingi mzuri wa aljebra. AP ya kalkulasi, wakati wake ukifika, ina mambo yale yale ya tofautisho na utangamanisho (differentiation na integration) ambayo wenzake wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) watayakuta kidato cha tano na sita. AP ya historia ya Marekani ni mlima mwingine: kurasa nyingi kila wiki, insha kwa Kiingereza, na mambo ambayo wenzake wameyasikia tangu darasa la kwanza. Hilo lisubiri. Mwaka unaofuata, akiwa ametulia, achukue kozi moja tu ya chuo. Baba Neema ana haki ya kuogopa, ila kwa kozi moja iliyochaguliwa vizuri sioni sababu ya kumzuia.

Kuhusu kurudi nyumbani: matokeo ya sekondari ya nje hulinganishwa na NECTA kabla chuo hakijampokea mwombaji, kwa hiyo tunzeni vyeti halisi na transkripti zote, za shule na za chuo. Usidhani AP yenye alama 4 itageuka yenyewe kuwa ufaulu wa somo la kidato cha sita. Hata neno krediti halina uzito uleule. Shahada ya miaka mitatu hapa kwetu ni krediti 360, kule shahada ya miaka minne ni 120. Anayekuambia Neema atarudi na krediti 15 aingie UDOM mwaka wa pili anakudanganya. Kama mpango wa familia ni arudi kusoma hapa, nendeni NECTA sasa mkaulize, msisubiri amalize.

Jingine litakushangaza wewe uliyezoea kuitwa shuleni. Chuo kinamhesabu Neema kuwa ndiye mwenye taarifa zake, hata kama ana miaka 16. Wifi yako akipiga simu kuuliza maendeleo, wanaweza kukataa kumjibu bila ridhaa ya Neema mwenyewe. Wakubaliane tangu mwanzo kwamba kila wiki binti anafungua akaunti yake ya chuo na wote wawili wanaangalia matokeo pamoja.

Shule hutaka taarifa ya nia ya kujiunga na College Credit Plus mapema, miezi kadhaa kabla ya mwaka wa masomo unaofuata, hivyo ulizeni tarehe ya mwisho. Kabla ya hapo omba kuzungumza na mshauri wa wanafunzi wa shule ya Neema. Kama Kiingereza cha kwenye simu kinakusumbua, mwambie wifi yako aombe mkalimani wa Kiswahili. Shule za umma kule zinatakiwa kumtafutia mzazi, bila malipo. Columbus wako nyuma yetu saa saba au nane kufuatana na majira. Ukipiga saa kumi jioni, kwao ni asubuhi na ofisi ziko wazi.