Friji ya gari haipozi? Anzia mgongoni

Kilichonifundisha friji ya gari ni kilo nne za perege wa Mtera. Niliwanunua asubuhi pale bwawani, wabichi kabisa, nikawapanga kwenye friji ya Hiace yetu ya kulala, tukashinda huko na watoto mpaka jua lilipopungua. Ulikuwa mwezi wa kumi, na mwezi wa kumi wa Dodoma mnaujua. Tulipofika nyumbani mama watoto akafungua mlango wa friji, akaufunga, akaniangalia tu bila neno. Paka wa mtaani walisherehekea usiku ule.

Kesho yake nikampelekea fundi. Akapapasa nyuma, akagonga mara mbili, akasema, "Mzee, gesi imeisha, tunajaza." Akataja na bei. Nashukuru sikuwa na hela siku hiyo, maana friji yangu haijazwi gesi ya kupozea. Siyo ya kompresa, ile mashine ya kusukuma gesi kwenye mabomba. Ni ile inayotumia moto, ndugu wa yale majokofu ya mafuta ya taa yaliyokuwa yakitunza chanjo kwenye zahanati za vijijini. Unaiwasha kwa mtungi wa gesi ya kupikia, kwa umeme wa gari wa volti 12, au kwa umeme wa nyumbani. Ndani ya mabomba yake mna amonia, maji na haidrojeni, vimefungwa humo kiwandani na havifunguliwi. Mabomba yakitoboka utajua mwenyewe: harufu kali ya amonia inayochoma pua, na mara nyingi ungaunga wa njano nyuma. Hapo unabadilisha mfumo mzima. Kama hakuna harufu, fundi asikule hela.

Nilichokuja kuelewa ni kwamba friji haitengenezi baridi. Inachota joto lililomo ndani na kulimwaga mgongoni. Joto likikosa njia ya kutokea huko nyuma, ndani hapapoi hata uwashe kwa kitu gani. Friji za aina hii hushusha nyuzi 20 hadi 25 hivi chini ya hewa inayozunguka mgongo wake. Sasa fanya hesabu.

Nilifungua vile vifuniko viwili vyenye matundu ubavuni mwa gari. Cha chini kilikuwa kimezibwa na vumbi jekundu lililoshikana kama plasta, na juu yake nyigu walikuwa wamejenga vijumba vyao vya udongo, vitatu kwa mstari. Cha juu ndiyo kichekesho: mwenye gari aliyenitangulia alikuwa amesokomeza kipande cha godoro ili vumbi lisiingie. Nikaning'iniza themometa humo saa nane mchana. Nje nyuzi 33, mgongoni mwa friji 52. Toa 25, unabaki na 27. Hiyo siyo friji, ni kabati.

Godoro likatoka, nyigu wakahamishwa. Juu ya friji palikuwa na uwazi ambao hewa ya moto ilijikusanya bila kutoka, nikauziba kwa kipande cha bati kilichoinama kuelekea tundu la juu, hewa ikose pengine pa kwenda. Kisha nikaweka feni ndogo ya kompyuta kuukuu, ya volti 12, ikisukuma hewa nje kupitia tundu hilo. Inakula umeme kidogo mno, na ndiyo hela niliyoitumia vizuri kuliko zote kwenye gari lile. Wenye friji za kompresa, hili linawahusu vilevile. Kompresa iliyobanwa kwenye kabati isipopata hewa itanguruma kutwa na kumaliza betri.

Halafu nikaangalia moto. Moto mzuri ni wa bluu na umesimama. Wangu ulikuwa wa njano unayumba, kwa sababu buibui alikuwa amesuka utando kwenye kibomba cha kichomeo. Funga mtungi kwanza, ndipo usafishe kwa brashi laini na kupuliza. Na hapa sitanii: moshi wa moto huo lazima utoke nje, na ukuta kati ya mgongo wa friji na mnapolala uzibwe usiwe na hata tundu. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala sakafuni, kwa hiyo sehemu yake iwe na tundu la kushukia chini ya gari. Ukiingia sheli kujaza mafuta, zima moto ule kabla hujafika kwenye pampu.

Umeme wa gari nao una yake. Kwenye betri, injini ikiwaka, nilipima volti 13.8. Kwenye friji zikafika 10.6. Waya uliofungwa ulikuwa mwembamba kama wa spika! Friji ya kupasha moto ikipata volti hizo inabaki na kama asilimia 60 tu ya nguvu ambayo ingeipata kwa volti 13.8. Nikaweka waya wa milimita 6 za mraba na fyuzi karibu na betri. Hata hivyo volti 12 ni za safarini tu. Yangu inavuta ampea 10 hivi, na ukizima injini ukaisahau, asubuhi utasukumwa.

Ukiegesha, weka pima maji, kile kifaa cha mafundi cha kuonyesha usawa, kwenye sakafu ya friji. Amonia hurudi kwa kuteremka yenyewe kwenye mabomba, gari likilala upande inatuama na kazi inasimama. Kolo, kwenye michoro ya mapangoni ya Kondoa, tuliegesha mteremkoni kwa ajili ya mandhari na asubuhi siagi ilikuwa mchuzi. Siku hizi natembea na vipande viwili vya mbao vya kuwekea tairi.

Na kivuli. Msidanganywe na mbuyu. Mwezi wa kumi mbuyu hauna majani, kivuli chake ni cha shina, na kinahama. Tafuta mkwaju au mwarobaini, kisha ubavu wenye friji usielekee magharibi.

Kuhusu kupakia, washa friji kwa umeme wa nyumbani tangu jana yake, nyama iingie ikiwa imeganda, soda za moto zisiingie zote kwa pamoja, na usijaze mpaka hewa ikose pa kupita. Mpira wa mlango ujaribu kwa karatasi: ifungie mlangoni, uivute. Ikichomoka bila kushikwa, baridi inatoroka hapo.

Kilichobaki kilikuwa watoto. Mlango ulifunguliwa kila baada ya dakika kumi kwa ajili ya maji ya kunywa. Mama watoto ndiye aliyemaliza tatizo. Alinunua mtungi wa udongo sokoni Majengo, akaufunga gunia lililoloweshwa, akauweka penye upepo nje ya gari. Kwa hewa yetu kavu ya kiangazi, maji yanakuwa baridi ya kutosha. Safari iliyofuata ya Mtera themometa ya ndani ilisoma nyuzi 6 saa tisa mchana, na perege tuliwakaanga nyumbani. Paka walikuja, wakaambulia miba.